Jiwe la Taita Lina Jina, Wanakemia Wetu Je?

Wasee, leo tuanze na jiwe.

Ukitoka Voi kwenda Mwatate, au ukishuka upande wa Kasigau na Kuranze, unatembea juu ya ardhi yenye kito adimu sana duniani: tsavoraiti. Ni ganeti ya kijani, ile watu wanachimba mashimoni kwa miaka na wengine hawaipati. Mwanajiolojia Mskoti, Campbell Bridges, aliiona kwanza Tanzania mwaka 1967, halafu akaipata hapa kwetu Taita Taveta mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1974 kampuni ya Tiffany ya New York ikaileta sokoni na kuipa jina kutokana na Tsavo. Tangu hapo jiwe limeingia kwa vitabu na maduka ya kifahari, na kila anayelitaja anataja kwetu, hata kama hajui Voi iko upande gani wa dunia.

Sasa ile rangi inatoka wapi? Hapo ndipo kemia inaingia. Ganeti ya aina hiyo ikiwa safi kabisa haina rangi. Inageuka kijani kwa sababu kuna vanadiamu kidogo ndani yake, na mara nyingine kromiamu. Na hiyo vanadiamu, mkemia wa Uswidi aitwaye Nils Sefström aliipa jina mwaka 1830 kwa heshima ya Vanadis, mungu wa kike wa hadithi za kale za Ulaya Kaskazini.

Yaani kito chetu kinang'aa kijani kwa sababu ya elementi yenye jina la mwanamke. Shida ni moja tu: mwanamke huyo hakuwahi kuishi.

Ukiangalia lile jedwali la elementi lililobandikwa ukutani kwa maabara ya shule, kuna elementi 118. Wanaume waliopewa heshima hapo ni wengi. Wanawake waliokuwa watu wa kweli ni wawili tu: Marie Curie, ambaye kuriamu anagawana na mumewe Pierre, na Lise Meitner, mwenye maitneriamu. Meitner alifanya utafiti na Otto Hahn kwa takriban miaka 30. Yeye na mpwa wake Otto Frisch ndio walioeleza jinsi kiini cha atomu kinavyopasuka, lakini Nobel ya kemia ya 1944 ya kazi hiyo ikaenda kwa Hahn peke yake. Elementi yake ilipewa jina rasmi mwaka 1997. Alikuwa amefariki tangu 1968.

Ndio maana kila tarehe 11 Februari, siku ya kimataifa ya wanawake na wasichana katika sayansi, mimi huwa nacheka kidogo nikiona mabango mtandaoni. Picha ya msichana amevaa koti jeupe, ameshika chupa yenye maji ya buluu, na maneno "wasichana wanaweza". Jamani, kuweza si swali. Waliweza kitambo! Swali ni kazi yao iliandikwa kwa jina la nani. Na jina si urembo. Jina ndilo linaleta kazi, pesa za utafiti, nyumba, na mwanafunzi mwingine wa kukufuata.

Mfano wa kuuma ni Alice Ball. Alizaliwa Seattle, Marekani, mwaka 1892, binti mweusi. Mwaka 1915 akawa mwanamke wa kwanza kupata shahada ya uzamili katika Chuo cha Hawaii. Wakati huo wagonjwa wa ukoma walitibiwa na mafuta ya mti wa chaulmoogra, lakini mafuta yalikuwa mazito kama gundi. Ukiyadunga chini ya ngozi yanakaa hapo hapo na kuvimba, na ukiyanywa unatapika. Ball akayabadilisha kikemia hadi yakaweza kudungwa na mwili ukayapokea. Alikuwa na miaka 23. Mwishoni mwa 1916 akafariki, akiwa na miaka 24, kabla hajachapisha. Mkuu wa chuo, Arthur Dean, akaendeleza kazi na kuichapisha bila kumtaja, na watu wakaanza kuiita mbinu ya Dean. Daktari mmoja, Harry Hollmann, ndiye aliandika mwaka 1922 kwamba hii ni mbinu ya Ball. Chuo chenyewe kilikuja kumheshimu mwaka 2000.

Najua kuna mtu atasema hayo ni mambo ya wazungu huko ng'ambo. Sawa, turudi nyumbani.

Januari 1966 binti mmoja alirudi Nairobi kutoka Marekani akiwa na shahada ya uzamili, na huko nyuma alikuwa amesomea biolojia pamoja na kemia. Alikuwa na barua ya kazi kutoka kwa profesa wa zuolojia wa chuo kikuu. Alipofika akaambiwa kazi imepewa mtu mwingine. Binti huyo ni Wangari Maathai, na baadaye alisema wazi kwamba alinyimwa kwa sababu ya kabila na kwa sababu ni mwanamke. Akapata nafasi idara nyingine, na mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya uzamifu.

Huyo mnamjua. Sasa je, Vertistine Mbaya mnamjua?

Mbaya alikuwa mhadhiri wa baiokemia katika Chuo Kikuu cha Nairobi, rafiki na mshirika wa Maathai. Miaka ya 1970 wawili hao waliona kitu hakiko sawa: mwalimu mwanamke aliyeolewa alichukuliwa kama mtu ambaye mumewe atamshughulikia, kwa hivyo nyumba na marupurupu yake hayakuwa kama ya mwanamume anayefundisha darasa la jirani. Digrii sawa, kazi sawa, mkataba tofauti. Wakapigana. Walijaribu hata kugeuza chama cha wahadhiri kiwe chama cha wafanyakazi ili waweze kujadiliana na chuo. Mahakama ikakataa. Lakini hawakunyamaza, na baadaye madai yao mengi yakakubaliwa.

Fikiria hapo. Leo mwanamke akifundisha kemia chuoni na kupewa haki zake bila kuulizwa mume wake anafanya kazi gani, kuna mkono wa mwanabaiokemia ndani yake. Katiba ya 2010, Ibara ya 27, inasema mwanamke na mwanamume wana haki ya kutendewa sawa. Kabla ya katiba hiyo, kuna watu walikuwa wameshalipia gharama ofisini na kortini. Shule tunasoma Maathai na miti, na vizuri sana. Mbaya hatumsomi.

Mwingine ni Profesa Norah Olembo, mwanabaiokemia pia. Alisaidia kuanzisha maabara za kwanza za utafiti wa DNA nchini. Lakini kitu kinachonifurahisha zaidi ni kwamba miaka ya 1990 aliongoza ofisi ya serikali inayosimamia hataza, ile ambayo leo ni KIPI. Hataza ni nini? Ni haki ya kisheria inayosema uvumbuzi huu ni wa fulani, ukitaka kuutumia umwombe ruhusa. Yaani mwanamke mwanasayansi ndiye alikaa kwenye kiti cha kuamua jina la nani linaandikwa. Alipigania pia mimea na maarifa ya Wakenya yalindwe, yasichukuliwe bure na kurudishwa kwetu yakiwa na bei.

Na hilo linatugusa sisi wa hapa moja kwa moja. Nenda Kasigau uone akina mama wanavyosuka vikapu vya mkonge. Kabla ya rangi za dukani, rangi ilitoka kwa magome, mizizi na majani. Unachemsha, maji moto yanavuta rangi kutoka kwa gome, uzi unainywa. Ukitia maji ya majivu, rangi inabadilika, kwa sababu majivu ni alkali. Hiyo ni kemia, bana. Haina koti jeupe, lakini ina kipimo, ina majaribio, ina mwalimu na mwanafunzi. Kikapu kikifika ng'ambo kinaitwa kikapu cha Afrika. Mama aliyejua gome lipi linatoa rangi ipi hana jina popote.

Kuna anayeniambia, "Wewe nawe, kazi ndiyo muhimu, jina la nini?" Mbona hatusemi hivyo kwa wanaume? Mbona tunajua Newton na tofaa lake? Kama jina si kitu, basi tuyafute yote tuanze upya. Mkikataa, basi mmekubali kwamba jina ni kitu.

Na kuna majina ya leo, hai, ya kujua. Profesa Catherine Ngila ni mkemia Mkenya. Mwaka 2021 alipewa tuzo ya L'Oréal-UNESCO ya wanawake katika sayansi kwa Afrika na nchi za Kiarabu. Kazi yake ni kutengeneza njia za kutambua uchafu ndani ya maji kwa kutumia nanoteknolojia, yaani vitu vidogo kuliko unavyoweza kuona. Kwa mtu wa Voi hiyo si habari ya mbali. Sisi tunajua visima vya maji ya chumvi. Tunajua bomba la Mzima linalopita kwetu likienda Mombasa. Swali la kilicho ndani ya maji tunayokunywa ni swali la kemia, na mmoja wa waliobobea kulijibu duniani ni mama wa Kenya.

Hata chuo kikuu chetu hapa, Taita Taveta, ambacho kilipewa hati yake Oktoba 2016 na kinafundisha uhandisi wa madini, kimewahi kuongozwa na Profesa Christine Onyango, mtaalamu wa sayansi ya chakula, kama Naibu Chansela. Waulize vijana kumi stendi ya Voi kama wanamjua. Lakini wachezaji wa Arsenal watakutajia hadi wa akiba.

Naandika haya kwa sababu sasa hivi kuna wasichana Mwatate, Wundanyi, Taveta na hapa Voi wanaochagua njia ya Gredi ya 10: sayansi, masomo ya jamii, au sanaa na michezo. Sisemi wote waende sayansi. Nasema asihepe kemia kwa kudhani hakuna aliyemtangulia.

Na ukiwa kwa maabara, angalia kitu kimoja. Kundi la watu watano, bureti moja. Nani anashika bureti, na nani anaosha vyombo na kuandika ripoti ya wengine kwa mwandiko mzuri? Hapo ndipo kina Dean na kina Ball wanaanza. Dada, shika bureti. Ripoti ikiisha, jina lako liwe juu, limeandikwa lote, kwa kalamu isiyofutika.