Ronald Ngala: Kutoka Darasani hata Bungeni

Katika mwaka 1949 kilitoka kitabu kidogo cha Kiswahili kiitwacho Nchi na Desturi za Wagiriama. Mtungaji wake alikuwa mwalimu kijana, Ronald Gideon Ngala. Nakitaja kabla ya mambo makubwa aliyoyafanya baadaye, kwa kuwa humo twaliona lile lililomshughulisha maisha yake yote: kwamba watu wachache wenye nchi yao na mila zao nao wajulikane na kuheshimiwa.

Alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 katika nchi ya Wagiriama. Vita vya 1914, ambavyo Waingereza waliwatoza watu hao faini na kuwafukuza katika mashamba yao ya kaskazini ya mto Sabaki, havikuwa hadithi za kale. Wazee waliomlea waliviona kwa macho yao. Alisoma Alliance, kisha Makerere, akarudi Pwani kufundisha, na baadaye akaingia katika Baraza la Mji wa Mombasa.

Wanafunzi wengi huidharau kazi ya udiwani, wakidhani ni maneno ya mifereji na takataka tu. Walakini sidhani kama kuna shule bora zaidi ya siasa. Mombasa ya siku zile ilikuwa na Wazungu, Wahindi, Waarabu, Waswahili, Wamijikenda, na maelfu ya watu wa bara waliokuja kutafuta kazi bandarini. Wote walitaka maji na nyumba, na fedha hazikutosha. Mtu akikaa katika baraza la mji kama huo huona upesi kwamba wengi wakiachiwa kugawa watakavyo, wachache hupewa makombo.

Mwezi Machi 1957 Waafrika wa Kenya walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria. Haikuwa kura ya watu wote. Mpiga kura alipimwa kwa elimu yake, mapato yake na mambo mengine kama hayo, na aliyetimiza sharti nyingi aliweza kupewa hata kura tatu. Viti vilikuwa vinane kwa nchi nzima, na Pwani yote ilikuwa na kimoja tu. Ngala alikipata. Miaka mitatu baadaye, wajumbe wa Kiafrika walipokwenda London katika mkutano wa Lancaster House wa 1960, yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wao. Yamkini walimchagua kwa upole wake, na pia kwa sababu wakubwa wengine, kama Mboya na Odinga, hawakuwa tayari kuongozwa mmoja na mwenziwe.

Waliporudi, umoja ule ulivunjika. Chama cha KANU kilipoundwa kilimchagua Ngala kuwa mtunza hazina hali hayupo mkutanoni, naye akakataa. Mwezi Juni 1960, huko Ngong, yeye na Masinde Muliro, Daniel arap Moi na wenzao walianzisha KADU, chama cha makabila yaliyoogopa kumezwa na makabila makubwa. Katika uchaguzi wa 1961 KANU ilipata viti 19 na KADU 11. Lakini KANU ilikataa kuunda serikali mpaka Kenyatta afunguliwe, na Ngala akakubali kuiongoza kwa msaada wa masetla waliofuata siasa ya Blundell. Hapa, kwa maoni yangu, ndipo jina lake lilipoingia doa. Ni kweli kwamba Kenyatta aliachiliwa Agosti mwaka ule ule, serikali hiyo ikiwapo. Hata hivyo mtu aliyeshindwa kwa kura akitawala kwa hisani ya Gavana hawezi kuwazuia watu kumwita kibaraka.

Alichokitafuta kwa gharama hiyo kilikuwa majimbo. Katika mkutano wa pili wa London, mwaka 1962, alikipata: katiba ya majimbo saba, kila jimbo na baraza lake, pamoja na Seneti ya kuyalinda. Tusimchanganye na wale wa Mwambao waliotaka ukanda wa pwani, uliokuwa chini ya bendera ya Sultani wa Unguja, ujitenge kabisa. Ngala aliitaka Pwani ndani ya Kenya, ila isiwe shamba la wengine.

KANU ilishinda mwaka 1963. Ngala akawa Rais wa Baraza la Jimbo la Pwani na, wakati huo huo, kiongozi wa upinzani Bungeni. Cheo kilikuwako, nguvu hazikuwako. Serikali kuu haikuwa na haja ya kuyapa mabaraza hayo fedha na madaraka yaliyoandikwa katika katiba. Wabunge wa KADU walianza kuhamia upande wa Serikali, leo huyu, kesho yule. Tarehe 10 Novemba 1964 Ngala alisimama Bungeni akatangaza kwamba KADU imevunjwa.

Wako wanaosema aliiponya nchi na mafarakano, na wako wasemao aliuza wafuasi wake. Mimi naona alikwisha kushindwa kabla ya siku ile, akachagua kuingia ndani kuliko kulia nje. Lakini hapana budi kusema kwamba kwa tendo lile Kenya ilibaki na chama kimoja Bungeni, na majimbo yakafutwa karibu bila mtu wa kuyatetea. Ilipita karibu nusu karne kabla ya katiba ya 2010 kuunda kaunti 47 zenye mabaraza yao.

Mwaka 1966 alikuwa Waziri wa Vyama vya Ushirika na Huduma za Jamii. Alifariki tarehe 25 Desemba 1972, baada ya kuumia katika ajali ya gari, akiwa bado Waziri. Maelfu ya watu wa Pwani walikuwa wangali wakilima ardhi isiyo na hati kwa majina yao.