Sahani moja ya shule inahesabiwaje? Uzi kutoka maziwa ya Nyayo hadi bangili za Eastlands

Kila bajeti ikikaribia, hapa mtandaoni vita ni ile ile. Mmoja anaandika watoto wa Nairobi wanakula bure. Mwingine anajibu hizo ni pesa za walipa ushuru zinaliwa na wakubwa. Wote wanaposti picha ya sahani ya wali na ndengu, kila mtu na caption yake. Leo sitetei mtu, na kama kawaida ya uzi huu hutapata jina la mwanasiasa wala chama. Nataka tuulize kitu ambacho hizo posti hazigusi: pesa ya chakula cha shule hupigiwa hesabu vipi?

Kwa juu juu ni hesabu ya duka. Idadi ya watoto, mara siku za shule, mara bei ya sahani. Basi. Lakini ukifuata historia utaona ugomvi wote umejificha ndani ya hizo namba 3, na zaidi kwenye ile ya kwanza.

Turudi 1979. Rais wa pili alikuwa ameingia mwaka uliotangulia, na agizo likatoka: kila mtoto wa shule ya msingi apewe maziwa bure. Mama yangu alisomea Jericho na bado anayaongelea kama mtu wa familia. Pakiti ndogo ya mililita 200, mara 2 kwa wiki. Anasema siku ya maziwa hakuna mtoto aliyejifanya mgonjwa.

Hesabu ya maziwa ya Nyayo ilikuwa na mtego wake. Wakati huo huo ada zilizokuwa zimebaki kwenye shule za msingi ziliondolewa, na watoto wakamiminika. Mwaka 1978 walikuwa karibu milioni 3 nchi nzima. Mwaka 1979 walifika kama milioni 3.7. Kwa hivyo serikali iliahidi mililita 200 kwa kila kichwa, na ahadi yenyewe, pamoja na kuondolewa ada, ikaongeza vichwa. Namba ya kwanza ilianza kukimbia kabla ya mtu kumaliza kupiga hesabu ya pili. Kisha kulikuwa na lori, barabara mbovu na ukame wa 1984 uliokausha ng'ombe. Hivyo vyote haviko kwenye mililita 200.

Mwaka 1988 serikali ikachapisha sera ya kugawana gharama za elimu na wazazi, miaka ya 1990 maziwa yakafifia, na KCC, iliyokuwa ikiyapakia, ikaporomoka mwishoni mwa muongo huo. Hakuna siku moja ambayo mtu alisimama akatangaza maziwa yameisha. Yalikuja wiki hii, yakakosa ijayo, halafu yakakosa tu.

Sambamba na maziwa kulikuwa na mpango mwingine ambao watu wa Nairobi huwa hawaukumbuki, kwa sababu haukubuniwa kwa ajili yao. Mwaka 1980 Shirika la Chakula Duniani, WFP, na serikali walianza kulisha shule za maeneo kame. Hapa hesabu ilikuwa ya gramu: 150 za nafaka, 40 za maharagwe au ndengu, 5 za mafuta na chumvi kidogo, kwa mtoto mmoja kwa siku. Mwaka 2009 serikali ikaanza mpango wa kutuma pesa shuleni ili shule inunue chakula kwa wakulima wa karibu. Kiwango kilikuwa karibu shilingi 10 kwa mtoto kwa siku. Kufikia 2018 WFP walikuwa wamekabidhi shule zao zote kwa serikali.

Wekeni hizo gramu kwenye shule ya Eastlands tuone. Shule yenye watoto 1,500 si ajabu huku kwetu. Nafaka ni kilo 225 kwa siku, yaani magunia mawili na nusu ya kilo 90. Maharagwe kilo 60. Mafuta kilo 7 na nusu. Kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa.

Sasa nani anapika? Kwa kuni gani? Maji ya nani? Hayo hayakuwa kwenye shilingi 10. Mpango ulisema jamii itachangia: mzazi alete kuni, mzazi alete maji, wazazi walipe mpishi. Kule ambako sheria hizi zilitungwa, mama anaweza kutoka asubuhi akarudi na mzigo wa kuni. Mzazi wa Mukuru au Mathare atatoa wapi? Kuni anauziwa, na maji anauziwa kwa mtungi. Kwa hiyo "mchango wa jamii" ukifika mjini unageuka ada, na asiye na ada tunajua huishia wapi. Nilisoma shule ya umma huku Eastlands iliyokuwa na lunch ya kulipia. Saa saba mchana tulijigawa wenyewe bila kuambiwa, waliolipiwa kwa laini, wengine kuzunguka field wakijifanya wanacheza mpira. Mimi nimewahi kuwa pande zote mbili. Kipindi cha kwanza baada ya lunch ungemjua aliyetoka field bila kumuuliza.

Katikati ya hii yote ikaja 2003, elimu ya msingi bila malipo. Watoto wakapanda tena, kutoka milioni 5.9 hivi hadi zaidi ya milioni 7. Serikali ikaweka shilingi 1,020 kwa mtoto kwa mwaka, baadaye 1,420. Hizo ni za vitabu, chaki na kuendesha shule. Chakula hakimo. Mtu akikwambia kwenye mdahalo kwamba "capitation inatosha kulisha", mwambie agawanye 1,420 kwa siku za mwaka wa shule. Ni kama shilingi 7 au 8 kwa siku, kabla hujanunua kitabu hata kimoja. Chapo moja kwa kibanda ni 20.

Tufike kwa bangili sasa. Juni 2023 Kaunti ya Nairobi ilizindua Dishi na County pamoja na shirika la Food4Education: majiko makubwa 10 kwa kuanzia, lengo la watoto 250,000. Mzazi anatuma pesa kwa M-Pesa, mtoto anavaa bangili, anaigusisha kwenye kifaa, anachukua sahani. Mzazi analipa 5, kaunti inaongeza 25. Kwa hivyo si bure, wadau, hata kama wanaoipenda na wanaoichukia wote huiita bure.

Tupige hesabu yetu. 25 mara watoto 250,000 ni milioni 6.25 kwa siku. Tukichukua siku 180 za shule, tunapata bilioni 1.125 kwa mwaka. Hiyo ni sahani tu, bado hujajenga jiko wala kuweka mafuta kwa gari la kusambaza. Ukiona mtu anagawanya bajeti yote ya mwaka wa ujenzi kwa idadi ya sahani, halafu anapiga kelele kwamba sahani moja imegharimu mamia, jua amechanganya jiko na ndengu. Ukiona mwingine anataja 25 peke yake kana kwamba jiko lilianguka kutoka mbinguni, naye pia anakuuzia.

Kuna hoja ya kisheria ambayo hurudi kila mara: kaunti inalisha shule za msingi kwa mamlaka gani? Ni swali halali. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inaipa kaunti shule za chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na malezi ya watoto. Shule za msingi ni za serikali ya kitaifa. Kifungu cha 187 kinaruhusu ngazi moja kuhamishia nyingine kazi yake kwa makubaliano, kwa hivyo la kuuliza ni makubaliano yako wapi na yanasema nini. Lakini kwa mtu wa Nairobi kuna kejeli kidogo hapa. Kwa miongo mingi shule hizi hizi zilikuwa za kanjo. Waalimu walikuwa wa TSC, lakini majengo na usimamizi ulikuwa wa City Council. Wazee wa Kaloleni na Makongeni bado wanasema "shule ya kanjo". Mtaa haukuona mpaka ukichorwa 2013.

Mbona hakuna anayehesabu asubuhi? Karibu mipango yetu yote ni ya mchana. Mtoto anayetoka Dandora bila chai anangoja hadi saa saba. Uingereza walianza Aprili 2025 kufadhili vilabu vya kiamsha kinywa bure kwenye shule 750 za majaribio, na fomula yao ina kitu cha kuangalia: shule inapata kiasi kisichobadilika cha kuendesha klabu, halafu kiasi kwa kila mtoto anayehudhuria. Yaani mpishi na msimamizi wanalipwa hata siku ya mvua watoto wakija wachache. Sisi tumezoea kulipia kichwa pekee na kuachia wazazi zile gharama ambazo hazipungui. Hapo ndipo mipango yetu imekuwa ikivunjikia tangu 1979, zaidi hata ya wizi, na najua wengine mtanipiga kwa kusema hivyo.

Namba ya kwanza sasa, kama nilivyoahidi. Kichwa kinahesabiwaje? Serikali huhesabu waliosajiliwa, na tangu NEMIS ianze 2017, kusajili mtoto kumetaka cheti cha kuzaliwa. Bangili ni bora zaidi kwa upande mmoja, kwa sababu inahesabu sahani iliyochukuliwa kweli, si jina lililoandikwa. Lakini bangili ambayo haijaguswa haisemi kwa nini. Mtoto alikuwa mgonjwa? Alihama? Ama nyumbani 5 ilikosekana? Kwenye ripoti wote ni kimya kimoja.

Na kuna ambao hawana bangili kabisa. Mukuru, Mathare na Korogocho watoto wengi husoma shule za mabati, zile za watu binafsi na makanisa zinazoitwa APBET, kwa sababu shule za umma ni chache na zimejaa. Fomula ikisema "shule za umma", hao wametoka kwenye namba ya kwanza kabla hesabu haijaanza. Katiba, Kifungu cha 53, inasema kila mtoto ana haki ya lishe ya msingi. Haikutaja ukuta ni wa mawe au mabati.

Mwezi jana nilikaa na mwalimu wa shule moja ya mabati Mukuru. Gari la chakula hupita barabara yao likielekea shule ya umma. Wao wana uji saa nne, shilingi 10 kikombe. Nilimuuliza asiye na 10 anafanyaje. Akatoa daftari la mraba, limejaa majina na vijistari, kila kijistari kikombe kimoja. Kuna mtoto alikuwa na 43. Nikamuuliza atalipwa lini. Akasema hajui, lakini akiacha kuandika hatajua tena ni watoto wangapi wanakunywa.