Aligeta Ugenini: Je, Lisemwalo Lipo?

Wahenga wetu walisema: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii twaifundisha kila mwaka, na aghalabu twaieleza kuwa ni onyo kwa mtu anayedharau tetesi. Lakini yafaa tumwulize mwanafunzi swali moja: je, mwandishi wa historia aweza kuifanya methali hii kuwa sheria ya kazi yake? Katika makala hii tutalijibu swali hilo kwa kufuata habari za mnyama mmoja wa mbali, ambaye kwa muda wa miaka mingi amedaiwa kuishi mahali pasipo pake.

Mnyama huyo ni aligeta. Jina lake limetoka katika Kihispania, ambamo neno *lagarto* lina maana ya mjusi. Waingereza walilichukua pamoja na kiambishi chake, wakaliharibu kwa matamshi yao, nasi tumelipokea kutoka kwao. Wengi wetu humwita mamba tu, na kwa mazungumzo ya kawaida hapana dhara. Hata hivyo, aligeta si mamba tunayemjua katika Naili au Rusizi. Pua ya aligeta ni pana na ya mviringo, na afungapo kinywa meno yake ya chini hayaonekani. Mamba wetu, hata akifunga kinywa, jino la nne la taya ya chini hubaki nje. Tena aligeta hastahimili maji ya chumvi kwa muda mrefu kama mamba, bali hustahimili baridi kuliko yeye.

Aligeta ni wa aina mbili tu duniani. Mmoja ni wa China, mdogo na adimu sana, wa bonde la mto Yangtze. Wa pili ni wa Marekani, na huyo ndiye wa habari hii. Makao yake ni mabwawa na mito ya kusini-mashariki ya nchi ile, kuanzia North Carolina hadi Florida, na kuelekea magharibi kupita Louisiana hadi Texas. Kwa ajili ya ngozi yake aliwindwa mno, hata mwaka 1967 serikali ya Marekani ikamwingiza katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Alipolindwa aliongezeka tena, na mwaka 1987 ikatangazwa kwamba amepona. Mji wa New York uko mbali sana kaskazini mwa mipaka hiyo. Hata hivyo, ni New York uliompa aligeta sifa yake kubwa ya ugenini.

Mwezi wa Februari, mwaka 1935, gazeti la *New York Times* lilichapisha habari ya vijana wa mtaa wa Harlem waliokuwa wakisukumia theluji katika tundu la mfereji wa maji machafu. Walipochungulia, waliona kitu kikijitikisa mle chini. Walimvuta juu kwa kamba ya kuanikia nguo, kumbe ni aligeta wa futi zipatazo nane. Alipotaka kuuma, walimpiga kwa mabeleshi hadi akafa. Watu walikisia kwamba alitoroka katika meli iliyotoka kusini, akaogelea hadi mferejini.

Tuitazame vizuri habari hii. Inamtaja mnyama mmoja, katika siku moja ya baridi kali. Haitaji kiota, wala mayai, wala watoto. Lakini tetesi ni kama moto wa nyika, hauhitaji ila cheche. Mwaka 1959 mwandishi Robert Daley alitoa kitabu juu ya mambo yaliyo chini ya ardhi ya mji ule, na humo akasimulia maneno ya Teddy May, mtu aliyefanya kazi katika mifereji hiyo. May alidai kwamba katika miaka ya 1930 aliwaona aligeta wengi wadogo, naye akawaangamiza kwa sumu na kwa risasi. Mwaka 1963 Thomas Pynchon aliwatia katika riwaya yake *V.*, ambamo watu huajiriwa kuwawinda. Basi yule mmoja wa mwaka 1935 akawa kundi mwaka 1959, na kundi likawa jeshi mwaka 1963. Aliyezaa hapo si aligeta, ni hadithi.

Hata hivyo, hadithi hiyo haikuzuka patupu. Zamani watalii waliokwenda Florida walinunua vitoto vya aligeta kama kumbukumbu ya safari, na vingine vilipelekwa kaskazini kwa posta. Kitoto kilipokua, kilichosha wenyewe. Watu wakasema kwamba wazazi walivitupa chooni, navyo vikanenepa gizani kwa kula panya. Chanzo ni cha kweli, lakini mwisho wake umebuniwa.

Kwa nini asiweze kukaa huko? Wengine hujibu: baridi. Jibu hilo si kamili. Huko North Carolina, maji yanapoganda, aligeta hutoa ncha ya pua juu ya barafu, akatulia hivyo hadi joto lirudi. Baridi ya siku chache haimshindi. Kinachomshinda ni ufupi wa kiangazi. Jike hutaga mayai thelathini hadi hamsini katika kiota cha majani, na huangua baada ya siku zipatazo sitini na tano. Joto la kiota ndilo huamua jinsia: likiwa kama digrii 30 za Selsiasi hutoka majike, likiwa kama 33 hutoka madume zaidi. Kadiri aendavyo kaskazini, ndivyo miezi ya kula inavyopungua, naye hukawia miaka mingi kufikia umri wa kuzaa. Mifereji ya New York haimpi jua, wala kiota, wala kiangazi kirefu.

Mwezi wa Februari 2023 aligeta mwingine alionekana katika ziwa la bustani ya Prospect Park, Brooklyn. Alikuwa amedhoofika kwa baridi, na tumboni mlikuwa na kizibo cha beseni la kuogea. Alitibiwa, lakini alikufa miezi miwili baadaye. Kizibo kile kilisema zaidi ya mashahidi kumi: huyu alitoka nyumbani kwa mtu.

Tusije tukadhani kwamba mgeni hawezi kamwe kudumu. Aligeta aliyeitwa Saturn, mzaliwa wa Mississippi, alikuwa katika bustani ya wanyama ya Berlin wakati mabomu yalipoibomoa mwezi wa Novemba 1943. Mwaka 1946 askari wa Kiingereza walimkuta hai. Akapelekwa Moscow, akaishi huko hadi mwezi wa Mei 2020. Alikuwa na umri wa miaka ipatayo 84. Maisha ya ajabu! Lakini Saturn alidumu, hakustawisha kizazi Berlin. Kinyume chake ni kaimani, jamaa mdogo wa aligeta kutoka Amerika ya Kati na Kusini. Huyo aliletwa na wafuga wanyama, akaachwa, naye leo huzaana Puerto Rico na kusini mwa Florida. Hata mamba wetu amefika: mwaka 2016 wataalamu walitangaza kwamba vinasaba vya mamba watatu waliokamatwa Florida ni vya mamba wa Naili, asili yao kusini mwa Afrika. Watatu hao ni wageni; kaimani amekwisha kuwa mwenyeji.

Basi jibu ni hili: aligeta huonekana nje ya makao yake mara nyingi, maana binadamu humchukua na kumtupa, lakini kuonekana si kukaa. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na jembe la mnyama ni kiota. Mpaka tuonyeshwe mayai, watoto, na watoto wa watoto, New York haina wenyeji wa namna hiyo.

Mwalimu aweza kuitumia habari hii darasani kwa kuwauliza wanafunzi mambo manne kuhusu kila tetesi: nani aliona, lini, aliona wangapi, na nani aliyeongeza baadaye. Methali yetu itabaki na heshima yake. Lisemwalo huenda lipo, ila si lazima liwe kwa kadiri lisemwavyo.