Kutoka Kipande hadi Indangamuntu: Taarifa za Mtu kama Amana katika Historia ya Afrika Mashariki

1. Utangulizi

Kagarama ni mojawapo ya sekta za Wilaya ya Kicukiro, jijini Kigali. Katika siku ya kawaida, mkazi wake anaweza kutoa namba ya kitambulisho mara kadhaa: kwa mlinzi anayeandika wageni langoni, kwa wakala anayemsajilia laini ya simu, kwenye zahanati, na katika tovuti ya Irembo anapoomba cheti. Namba hiyo ina tarakimu 16, na ndani yake mmebebwa mwaka wa kuzaliwa na jinsia ya mwenyewe. Ikiunganishwa na jina na namba ya simu, humtosha tapeli kumpigia mwenyewe akijifanya mtumishi wa benki, na kusadikika.

Mjadala wa umma kuhusu jambo hili hutumia neno moja: wizi. Makala haya yanadai kwamba neno hilo ni finyu. Historia ya eneo letu inaonyesha kuwa taarifa za mtu zimemdhuru mara nyingi bila kuibwa na yeyote. Zilichukuliwa kwa kusudi moja, kisha zikatumiwa kwa kusudi jingine. Ili kuthibitisha dai hili, tutaangalia hati mbili, kipande cha Kenya na kadi ya utambulisho ya Rwanda, kabla ya kurejea kwenye sheria za leo na msamiati wake.

2. Kipande: ujira ulioandikwa

Neno kipande lilipata maana ya hati ya kazi mapema katika utawala wa kikoloni. Katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, lilikuwa jina la kadi ya mfanyakazi iliyohesabu siku 30 za kazi. Nchini Kenya, sheria ya kusajili wenyeji ilitungwa mwaka 1915 na kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 au zaidi alilazimika kuwa na kipande, ambacho wengi walikivaa shingoni ndani ya kijaluba cha chuma. Kilikuwa na jina, kabila, alama za vidole na orodha ya waajiri.

Serikali ilikieleza kuwa hati ya utambulisho. Hata hivyo, kilionyesha pia ujira ambao mtu alilipwa alikotoka. Mwajiri mpya alipousoma alijua kiwango cha chini ambacho mtu huyo aliwahi kukubali, na hakuwa na sababu ya kumwongezea. Aliyeacha kazi bila mwajiri kutia saini alikuwa mkosaji, na alama za vidole zilirahisisha kumsaka. Hivyo taarifa za mfanyakazi, ambazo yeye mwenyewe alizibeba kifuani, zilifanya kazi dhidi yake. Si ajabu kwamba kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko makuu ya Harry Thuku na wenzake mwaka 1921, kabla ya kukamatwa kwake Machi 1922. Kilifutwa mwaka 1947, baada ya kizazi kizima kukivaa.

Hapa hapakuwa na mwizi. Kila aliyekisoma kipande alikuwa na ruhusa ya kukisoma.

3. Ubwoko: neno moja kwenye kadi

Nchini Rwanda, utawala wa Wabelgiji uliendesha sensa na kuanza kutoa kadi za utambulisho katika miaka ya 1933 na 1934. Kwenye kadi hizo paliandikwa kama mwenyewe ni Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Katika Kinyarwanda kipengele hicho kiliitwa ubwoko, neno ambalo kabla ya hapo lilitumika pia kutaja ukoo, na ambalo hata leo hutumika kwa maana pana ya aina. Kadi ilililazimisha kubeba maana moja, na maana hiyo ikawa ya kudumu: mtoto aliirithi kutoka kwa baba yake kupitia karani.

Rwanda ilipopata uhuru mwaka 1962, kipengele hicho kilibaki. Novemba 1990, Rais Juvénal Habyarimana alitangaza kuwa kingeondolewa, lakini kadi hazikubadilishwa. Makubaliano ya Arusha ya Agosti 1993 yalisema tena kwamba serikali ya mpito ingefuta utajo wa kabila katika hati zote rasmi. Serikali hiyo haikuundwa kwa wakati. Aprili 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, watu waliamriwa kutoa kadi zao, na neno lililoandikwa na karani kwa ajili ya sensa likawa hukumu ya kifo. Wilaya ya Kicukiro inalijua hilo kwa karibu: tarehe 11 Aprili 1994, baada ya wanajeshi wa Ubelgiji wa Umoja wa Mataifa kuondoka katika shule ya ETO, watu zaidi ya 2,000 waliokuwa wamekimbilia hapo waliachwa bila ulinzi, na wengi wao wakauawa katika kilima cha Nyanza.

Kadi haikuyasababisha mauaji ya kimbari. Yaliandaliwa na watu, kwa siasa na propaganda. Lakini kadi iliwarahisishia wauaji kazi. Baada ya Julai 1994 serikali mpya ilikiondoa kipengele hicho, na indangamuntu inayotumika tangu mwaka 2008 haina. Kwa maoni yetu, uamuzi huo unastahili kuhesabiwa kuwa kitendo kikubwa cha ulinzi wa taarifa binafsi katika Afrika Mashariki, ingawa ulifanyika muda mrefu kabla ya istilahi hiyo kuzoeleka. Msingi wake ni mwepesi kueleweka: kisichoandikwa hakiibwi, hakiuzwi, wala hakigeuzwi silaha.

4. Sheria za leo na suala la kusudi

Kenya na Uganda zilitunga sheria za ulinzi wa data mwaka 2019. Rwanda ilifuata kwa Sheria Namba 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021, na Tanzania kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria ya Rwanda inaweka asili ya mtu kijamii miongoni mwa taarifa nyeti, pamoja na afya, imani na alama za kibayometriki. Msomaji wa historia hawezi kulipita neno hilo bila kusimama.

Sheria hizi zote zinakubaliana juu ya kanuni mbili: taarifa zikusanywe kwa kusudi lililotajwa wazi, na zisizidi zile zinazohitajika kwa kusudi hilo. Matukio ya karibuni yanaonyesha umuhimu wake. Juni 2021, Wakenya wengi waligundua kwamba walikuwa wamesajiliwa kuwa wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data wa nchi hiyo aliitoza kampuni ya mikopo ya simu faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu zilizopatikana kupitia wengine ili kuwatumia ujumbe wa vitisho. Mtu aliyetoa namba ya jirani kama mdhamini hakuitoa ili jirani atishwe.

5. Amana na hiana

Kiswahili kina neno linaloyaeleza haya barabara kuliko wizi, nalo ni amana. Mali iliyowekwa amana hubaki kuwa ya mwenyewe. Aliyeipokea huitunza, haitumii kwa haja zake, na huirudisha inapodaiwa. Anayekiuka hafanyi wizi, kwa kuwa alipewa kwa ridhaa. Kosa lake huitwa hiana, na katika maadili ya Waswahili ni zito kama wizi au zaidi, maana huvunja imani.

Tunapendekeza kwamba maandishi ya kufafanua sheria hizi kwa umma yatumie maneno haya mawili. Tangu Kiswahili kiwe lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, kazi ya kuziwianisha istilahi zake na za Kinyarwanda, kama amakuru bwite kwa taarifa binafsi, imekuwa yetu. Mwananchi anayeambiwa "data yako imechakatwa kinyume cha kusudi" huenda asijue la kufanya. Akiambiwa kuwa amana yake imefanyiwa hiana, anajua kwamba ana haki ya kudai.

6. Hitimisho

Maji yakimwagika hayazoleki, na taarifa zikishauzwa mtandaoni haziitwi zikarudi. Kwa hiyo ulinzi wenye nguvu huja mwanzoni kabisa, kabla ya nywila na mitambo: ni swali ambalo mtu anapaswa kuuliza kila anapoombwa kitambulisho, na ambalo taasisi inapaswa kujiuliza kabla ya kuongeza kipengele katika fomu. Mnaitaka ya nini? Swali hilo halikuulizwa mwaka 1915 wala mwaka 1933. Leo sheria inamruhusu mkazi wa Kagarama kuliuliza, na inamlazimu aliyeulizwa kujibu.