NANI ALIMSAJILI?

Wadau, mnisamehe kwa ukimya wa wiki mbili. Nilikuwa nyumbani Soitsambu, tarafa ya Loliondo kule Ngorongoro, ambako ukiutaka mtandao unapanda kilimani na kuinua simu juu kama mtu anayeomba mvua. Nimerudi na swali ambalo limekataa kunitoka kichwani, kwa hiyo leo tunaongea mpira.

Jioni moja nilikaa pembeni ya uwanja nikiangalia vijana wakicheza. Mmoja wao namfahamu tangu utoto. Miaka michache iliyopita alikuwa straika wetu tegemeo. Kiongozi wa klabu moja ya mjini (sitaitaja) alimwona kwenye bonanza, akazipenda mbio zake na kumsainisha hapo hapo. Kijana alipofika kambini, kocha akamuuliza, "Wewe umeletwa na nani?" Kumbe kocha alikuwa ameomba beki wa kushoto. Kijana akakaa jukwaani nusu msimu. Kocha akatimuliwa, kocha mpya akaja na watu wake. Nauli ya kurudi nyumbani aliipata baada ya baba yake kuuza mbuzi wawili.

Nilipomsimulia hayo mzee mmoja aliyekaa karibu nami, alicheka kwanza.

"Ero," akaniambia, "mimi nikienda mnadani namuuliza kwanza anayechunga. Yeye ndiye anajua kama zizi linataka dume au ng'ombe wa maziwa. Fedha ni yangu, macho ni yake. Ng'ombe akifa, tunakaa chini wote wawili."

Wadau, mzee huyu hajawahi kuingia ofisi ya klabu yoyote, lakini amegusa ugonjwa wa miaka mingi wa soka letu.

Turudi nyuma kidogo. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na hadi 1971 Simba ikiitwa Sunderland. Zote zilikua kama vyama vya wanachama. Kiongozi anachaguliwa kwa kura, kocha anaajiriwa. Sasa fikiria mwenyewe: kwa kiongozi anayetafuta kura, kuna kampeni gani nzuri kuliko kumnyang'anya mtani mchezaji? Ndiyo maana kwetu usajili ukawa kazi ya viongozi, wafadhili na kamati ya usajili. Kocha anakabidhiwa kikosi na kuambiwa alete ubingwa.

Chukua mwaka 2012. Yanga ilimtoa Kelvin Yondani Msimbazi, kisha ikaja vita ya Mbuyu Twite. Mwenyekiti wa Simba, Ismail Aden Rage, alimfuata hadi Kigali na kuamini wamemalizana, lakini mchezaji akatua Jangwani. Kwenye vijiwe tulibishana juu ya nani kamzidi nani ujanja. Sikumbuki kumsikia mtu akiuliza timu ilikuwa na pengo wapi. Kocha wa Yanga alikuwa Mbelgiji Tom Saintfiet. Alitwaa Kombe la Kagame mwezi Julai, na kabla Septemba haijaisha alikuwa ameshafungashiwa virago. Twite alibaki Yanga kwa miaka kadhaa.

Au chukua kisa cha Emmanuel Okwi. Januari 2013 Simba ilimuuza Etoile du Sahel ya Tunisia kwa dola 300,000, fedha ambazo Simba ilizisubiri hadi ikachoka. Desemba mwaka huo huo Mganda huyo akasajiliwa na Yanga, na Agosti 2014 akarudi Simba. Katika kipindi hicho Simba ilipita mikononi mwa Patrick Liewig, Abdallah Kibadeni na Zdravko Logarusic, na aliyempokea Okwi ni Patrick Phiri. Mchezaji mmoja, makocha wanne! Hapo utamwambia kocha yupi kwamba hiki ni kikosi chake?

Nijuavyo wadau wangu, kuna atakayesema, "Basi kocha aachiwe kila kitu." Hilo nalo tumeshaliona. Mwaka 2014 Yanga ilimchukua Marcio Maximo, yule aliyeipeleka Taifa Stars CHAN mwaka 2009. Akaja na Wabrazili wenzake, Andrey Coutinho na Jaja. Jaja alianza kwa moto, akaifunga Azam mabao mawili kwenye Ngao ya Jamii, lakini hakumaliza hata mwaka. Desemba Yanga ikafungwa 2-0 na Simba kwenye Nani Mtani Jembe, na Maximo naye akaondoka. Kocha anayesajili peke yake akiondoka anaiachia klabu mikataba ya watu ambao mrithi wake hakuwahitaji. Waingereza walimwachia kocha karibu kila kitu kwa miaka mingi, lakini Alex Ferguson alikaa Manchester United tangu 1986 hadi 2013. Kwetu kocha akimaliza misimu miwili tunamwita mwenyeji!

Ndiyo maana klabu nyingi za Ulaya zina mkurugenzi wa michezo. Kocha anasema anataka mchezaji wa aina gani, mkurugenzi anamtafuta na kusimamia bei na mkataba. Nao huko si malaika. Mtanzania mwenzetu Mbwana Samatta alinunuliwa na Aston Villa Januari 2020, baada ya straika wao Wesley kuumia. Akafunga Bournemouth katika mechi yake ya kwanza ya ligi, akafunga tena fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, kisha mambo yakakauka. Villa ilinusurika kushuka daraja siku ya mwisho. Siku chache baadaye klabu ikamwondoa mkurugenzi wake wa michezo, Jesús García Pitarch, na kocha Dean Smith akabaki. Septemba Samatta alikuwa Uturuki kwa mkopo.

Unaona tofauti? Pale usajili ulipoonekana kuwa mbovu, aliyeulizwa ni mhusika wa usajili. Lakini Samatta bado ndiye aliyefunga mizigo.

Hata kwetu mambo yamesogea. Mwaka 2017 wanachama wa Simba walipitisha mfumo wa kuiendesha klabu kikampuni. Kwa Yanga, Hersi Said ndiye aliyeuongoza usajili wa 2021 uliowatoa Fiston Mayele na Djuma Shaban AS Vita ya Kinshasa, na mwaka 2022 akachaguliwa kuwa rais wa klabu. Chini ya kocha Nasreddine Nabi, Yanga ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023. Baada ya hapo Nabi akaondoka, Mayele akaenda Pyramids ya Misri, na msimu wa 2023/24 Yanga ikabeba tena ubingwa wa ligi. Msajili alikuwa anajulikana kwa jina na sura. Akikosea, wanachama wanajua mlango wa kugonga.

Nionavyo mimi, kila usajili uwe na karatasi yenye sahihi mbili: ya kocha aliyesema pengo liko wapi, na ya kiongozi aliyemleta mchezaji. Msimu ukiisha vibaya, waitwe wote wawili, kama mzee wangu na mchungaji wake.

Yule straika wetu bado anacheza, wadau. Siku ile alifunga mabao mawili. Nilipomuuliza kama angekwenda tena mjini akiitwa, alifunga kamba za viatu taratibu, kisha akasema, "Nitauliza kwanza kama kocha ananijua."

Haya, uwanja ni wenu. Watani, matusi tuyaache nje!