Ardhi Ndiyo Paa la Kwanza

Kwetu Kibaha na Kisarawe, miti, udongo na makuti hupatikana; anayekosa nyumba hukosa kwanza kiwanja. Kwa hiyo mimi, mwalimu mstaafu, nazipima halmashauri kwa ardhi. Za wilaya zilivunjwa mwaka 1972, zikaanza tena mwaka 1984. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 iliikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi, ikabatilisha mila zinazomnyima mwanamke haki yake. Hapo mjane alipata kinga.

Lakini mwaka 2009 zaidi ya hekta 8,000 za Kisarawe zilipewa kampuni ya Sun Biofuels kulima mibono. Mwaka 2011 mradi ulikufa, ardhi ikiwa imekwisha toka mikononi mwa vijiji. Ndugu msomaji, mkutano wa kijiji usiukose.