Hisabati Shuleni na Njia ya Sayansi

Nchi yetu ilipojipatia uhuru mwaka 1961 ilihitaji wahandisi, madaktari na mabwana shamba, na wote hao hupitia mlango wa hisabati. Kitivo cha Sayansi kilipoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1965, suala la kuwaandaa wanafunzi wa sekondari halikuweza tena kuahirishwa.

Miaka mitatu kabla ya hapo, mwaka 1962, wanahisabati na walimu kutoka nchi kadhaa za Afrika walikutana Entebbe, Uganda, pamoja na wenzao wa Uingereza na Marekani, wakaanza kuandika vitabu vya hisabati iliyoitwa mpya. Humo seti zilipewa nafasi ya mbele, na kuielewa kanuni kulithaminiwa kuliko kuikariri. Nia hiyo hatuwezi kuibeza, kwani hesabu za zamani ziliwazoeza watoto kuitii kanuni bila kuihoji. Hata hivyo, mwanafunzi wa sayansi hahitaji fikra peke yake. Anahitaji pia wepesi wa mkono.

Na tuitazame pendulamu. Mwanafunzi hupima muda wa mzunguko mmoja kwa uzi wa urefu mbalimbali, kisha huchora grafu ya mraba wa muda dhidi ya urefu. Hupata mstari ulionyooka, ambao mteremko wake unakaribia 4 kwa sekunde na mita. Katika somo la hisabati amekwisha kuchora mistari mingi ya namna hiyo. Lakini asipotambua kwamba mteremko huo ni mara 4 ya mraba wa pai, ukigawanywa kwa mchapuko wa mvutano wa dunia, grafu yake itabaki picha tu. Upungufu hapa si wa akili. Ni kwamba masomo mawili hayakukutanishwa.

Lugha nayo imeongeza ugumu. Tangu mwaka 1967 shule za msingi zilifundisha kwa Kiswahili, na sekondari kwa Kiingereza. Mtoto aliyekwisha kuzoea mlinganyo, uwiano na kipeuo alilazimika kujifunza upya majina ya vitu alivyovijua, katika mwaka uleule wa kuanza aljebra.

Mpangilio wa mada una uzito uleule. Mwalimu wa kemia afikapo kwenye pH na kukuta logi hazijafundishwa, hana budi kuzifundisha mwenyewe, na kipindi chake cha dakika 40 huishia hapo.